Fleury: kijiji chenye meya, kisicho na mkazi

Kila mwaka huwachokoza wanafunzi wangu wa jiografia kwa jina moja: Fleury-devant-Douaumont, Ufaransa. Wakazi: 0. Meya: yupo.

Kitendawili hicho hakiteguliwi ofisini, huteguliwa ardhini. Mashariki ya mto Meuse, nchi ya mawe ya chokaa inainuka taratibu, kisha inakatika na kushuka kwenye uwanda wa Woëvre, wenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Fleury kilikaa juu ya mgongo wa mwinuko huo, kilomita kama 6 kutoka mji wa Verdun. Mkulima hakuona la ajabu pale: nafaka, kuni, majirani 422. Mwanajeshi mwenye mizinga aliona vingine, maana anayeushika mgongo ule, mji uko chini ya macho yake. Fuata kontua, mistari ya mwinuko kwenye ramani, kwa kidole na utajua vita vitapita wapi.

Vilipita, Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walianza kushambulia tarehe 21 Februari 1916, wanakijiji wakahamishwa. Juni hiyo yakaja makombora ya gesi ya sumu, fosjini, na hadi Agosti kijiji kilikuwa kimebadilisha mikono kati ya Wajerumani na Wafaransa mara 16. Nasema kijiji kwa mazoea tu. Kilichogombewa mwishoni kilikuwa kifusi.

Baada ya vita wenyeji hawakuruhusiwa kurudi kujenga. Udongo ulijaa vyuma, sumu na miili, serikali ikaitwaa ardhi, ikapanda misonobari. Lakini vijiji 9 vilivyoangamia kuzunguka Verdun viliachiwa majina na hadhi yao kisheria, na 6 kati yavyo hadi leo havina mtu. Kwa kuwa hakuna wapiga kura, meya wa Fleury huteuliwa na mwakilishi wa serikali kuu.

Nyumba hakuna hata moja. Kuna njia za miguu na vibao: hapa palikuwa na shamba la fulani, hapa wanawake walifulia nguo. Unainua macho kutoka kwenye kibao, unaona mashimo ya makombora yaliyoota nyasi, moja limeingia ndani ya jingine, kama bahari iliyoganda. Kanisa limepata mrithi, kikanisa kidogo. Penye stesheni ya reli pamejengwa jumba la makumbusho ya vita.

Ukienda, usiache njia. Makombora ambayo hayakulipuka bado yamo humo, na kuchimba ni marufuku.