Columbia walikuwa nayo kabla ya Facebook

Juzi tena, kwenye mafunzo ya vijana wanaounda programu, mmoja kasimama: "Facebook ilishinda kwa sababu kabla yake hapakuwa na kitu." Kauli hii nimeijibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo naiandika.

Kitu kilikuwepo. Mwaka 2003 Adam Goldberg, mwanafunzi wa uhandisi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alizindua mtandao wa kijamii wa wanafunzi uliokuja kuitwa CU Community. Thefacebook, ndiyo Facebook kwa jina lake la mwanzo, ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Harvard tarehe 4 Februari 2004. Hata Goldberg hakuwa wa kwanza: Chuo Kikuu cha Stanford, California, walikuwa na mtandao wao, Club Nexus ya Orkut Büyükkökten, tangu 2001. Hapo sikai.

Hapo huniambia, "Basi zilikuwa duni." Hili ndilo linalonikera hasa. Mwanafunzi wa Columbia aliandika blogu, alipakia picha, aliacha maoni kwenye ukurasa wa mwenzake. Thefacebook ya miezi ya mwanzo ilikuwa na nini? Picha yako moja, bweni lako, masomo uliyojiandikisha, una mpenzi au huna, orodha ya marafiki, na kitufe cha kumshtua mtu ambacho hakuna aliyeeleza maana yake. Ukuta, mahali pa kumwandikia mwenzako ujumbe kwenye wasifu wake, ulikuja Septemba 2004, albamu za picha Oktoba 2005. Kwa vipengele, Columbia walitangulia mbali.

Lakini jiweke mahali pa mgeni anayeingia usiku wa kwanza. Ukurasa wa blogu unamtaka aandike; hana la kuandika. Wasifu wa Thefacebook unamtaka bweni na masomo tu, mambo anayoyajua bila kufikiri, kisha unamwonyesha nani mwingine yuko kwenye somo lile. Niliwahi kuandaa saraka ya wanafunzi ya chuo kimoja, ukurasa wa mbele una milango saba. Binti wa mwaka wa kwanza aliishika simu, akapandisha, akashusha, akaniuliza, "Kaka, naanzia wapi?" Akaifunga. Tangu siku ile swali langu la kwanza kwa kila timu ni hilo la yule binti.

Jambo la pili ni mtawanyiko. CU Community ilikaa chuo kimoja kwa miezi. Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Thefacebook, hakumaliza hata mwezi. Mwisho wa Februari alikuwa Columbia, Stanford na Yale, na baadaye alieleza kuwa alianza na vyuo alivyodhani vitamsumbua zaidi. Columbia ilimsumbua kweli, wanafunzi hawakuhama upesi. Ila mwanafunzi wa Columbia ana rafiki wa sekondari aliyekwenda Boston na mwingine aliyekwenda California, na hao hawamo kwenye mtandao wa chuo chake. Kila chuo kipya Thefacebook ilichofungua kiliwavuta watu wa Columbia bila kuwagusa. Mbinu hii baadaye waliitumia waziwazi: chuo chenye mtandao wake chenyewe, kama Baylor kule Texas, walikizunguka kwa kufungua vyuo vya jirani kwanza.

Goldberg aliliona hilo. Yeye na mwenzake Wayne Ting wakasimamisha masomo, wakahamia Montreal, Kanada, jina likawa Campus Network, wakafungua vyuo vingine. Walifikia watumiaji kama 250,000. Ni watu wengi mno kwa vijana wawili wa chuo, na sipendi mtu akiwataja kama walioshindwa tu. Ila mwisho wa 2004 Thefacebook ilikuwa na milioni moja, na dola 500,000 za mwekezaji Peter Thiel tangu kiangazi cha mwaka huohuo.

Hapa nina shaka, na naisema. Sisi wa kazi hii hupenda kufundisha kwamba wepesi ulishinda wingi wa vipengele. Mbona basi Facebook iliongeza vilevile vyote, maoni, picha, kila kitu, na watu wakazidi kuja? Nadhani suala ni mpangilio: kwanza watu unaowafahamu wawemo, ndipo uwape la kufanya. Nadhani tu. Inawezekana jina la Harvard lilifanya kazi kubwa kuliko ubunifu wowote. Tukiondoa jina hilo na zile fedha, siwezi kuapa kwamba ukurasa mwepesi peke yake ungeishinda CU Community pale Columbia.

Goldberg na Ting walirudi chuoni kumaliza masomo.