Kontroli za mwendo kwenye gemu ni nini, na kwa nini wengine wanazipenda na wengine hawataki hata kuzisikia

Kwa kifupi, kontroli za mwendo ni pale ambapo badala ya kubonyeza kitufe ili mchezaji wako wa tenisi apige mpira, unarusha mkono wewe mwenyewe na gemu inausoma ule mkono. Pedi, yaani kile kidude cha kuchezea, unaweza kuwa umeishika, kama rimoti ya Wii (mashine ya gemu ya Nintendo) au Joy-Con, zile pedi ndogo za Nintendo Switch, au usishike kitu kabisa kamera ikawa inakuangalia mwili mzima, kama Kinect ya Xbox 360 iliyotoka 2010.

Inajuaje umefanya nini? Ndani ya pedi kuna sensa. Akselerometa inasikia pedi ikibadilisha kasi, na kwa sababu inasikia pia mvutano wa dunia inajua kama umeilaza au umeisimamisha. Jairoskopu yenyewe inasikia pedi inavyozunguka, upande gani na haraka kiasi gani. Rimoti ya Wii ilivyotoka 2006 ilikuwa na akselerometa tu, pamoja na kikamera cha infraredi pale mbele. Na ile fimbo nyembamba ya kuweka juu ya TV, ambayo watu kibao wanaamini ndiyo inasoma mkono, haisomi chochote, inatoa mwanga wa infraredi tu na rimoti ndiyo inayouangalia, ndiyo maana watu waliwasha mishumaa miwili mahali pake na bado ikakubali.

Kukosekana kwa jairoskopu kulikuwa na matokeo yake. Tenisi ya Wii Sports, gemu ya michezo ya Wii, ilikuwa haioni mkono wako vizuri kihivyo, inajua umerusha, umerusha saa ngapi, kwa nguvu kiasi gani, basi. Ndiyo ile kila mtu anaanza amesimama katikati ya sebule anajipinda kama yuko fainali, baadaye anagundua kumbe ukikaa kwenye kochi ukitikisa kifundo kidogo tu mpira unaenda vilevile, na hasimami tena. Jairoskopu ikaja 2009, kidude cha kuchomeka chini ya rimoti kinaitwa Wii MotionPlus.

Lakini hata hivyo ilivyokuwa, ilifanya kitu ambacho pedi ya kawaida haijawahi kukifanya. Ukimpa mtu asiyecheza gemu pedi yenye stiki mbili na vitufe zaidi ya kumi anakurudishia, ila bibi yako anajua boling inarushwaje, humfundishi kitu. Wii ziliuzwa zaidi ya mashine milioni 101, na sehemu kubwa ya siri ni hiyo. Hapo sina ubishi kabisa.

Ubishi wangu unaanza pale mtengenezaji anapochukua kitu ambacho kitufe kingekifanya vizuri halafu anakuambia tikisa. Mfano mzuri, yaani mbaya, ni Donkey Kong Country Returns ya Wii, 2010. Gemu tamu, ngumu, ya kuruka mashimo kwa kuhesabu, lakini ukitaka kubingirika lazima utikise rimoti. Sasa kitufe ukibonyeza kimebonyezwa, hakuna mjadala, ila mtikiso lazima kwanza uanze, sensa iusikie, gemu iamue kama hiyo ilikuwa amri au mkono umekuwasha tu, na kwenye ukingo wa shimo huo muda mdogo ndio kifo chako. Toleo la 2013 la 3DS, mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo, likaleta kitufe na maisha yakaendelea. Kwa hiyo swali langu kwa gemu yoyote ni moja: mwendo wa mkono unabeba taarifa gani ambayo kitufe hakina? Kama ni pembe, kasi, umbali, sawa. Kama jibu ni ndiyo au hapana tu, nipe kitufe.

Halafu kuna upanga. Kila mtu aliota gemu ya upanga, lakini upanga wa kwenye skrini ukigonga ngao unasimama na mkono wako unaendelea kwenda hewani, hakuna kinachokuzuia, na pedi kutetemeka hakutoshi. Skyward Sword ya 2011, gemu ya Zelda ya Wii, ilijitahidi sana, ilisoma mpaka upande unaokata, na bado toleo la HD la 2021 likawapa watu chaguo la kutumia stiki. Uchovu, nafasi ya chumba, mtu ambaye mikono yake haimruhusu kurusharusha, hayo nadhani hayahitaji maelezo marefu. Na usalama pia: mwezi Desemba 2006 Nintendo ilijitolea kubadilisha kamba milioni 3.2 za kufunga rimoti ya Wii mkononi kwa sababu zilikuwa zinakatika na rimoti zinaruka.

Watu wakisikia haya wanadhani basi teknolojia ilishakufa. Wapi! Imejificha tu kwenye kulenga. Splatoon ya 2015, gemu ya kurushiana rangi kwa bunduki, unatumia stiki kugeuka sana na jairoskopu kurekebisha kidogo kidogo, unainamisha pedi kidogo tu huku umekaa zako. Stiki inaambia gemu igeuke kwa kasi gani, kwa hiyo unakisia lini uiachie, lakini jairoskopu ukigeuza mkono kidogo shabaha inaenda kidogo, ukisimama inasimama. Kasoro yake ni kwamba makosa madogo ya sensa yanajikusanya na katikati ya shabaha inahama polepole, ndiyo maana kuna kitufe cha kurudisha kamera sawa. Na kwa kuwa pedi za kawaida za Xbox hazina jairoskopu, gemu nyingi za mashine zote zinairuka tu hiyo sehemu, inaudhi.

Ukitaka kujaribu kulenga kwa jairoskopu, anza na usikivu wa chini, usiiwashe kwa kila kitu, na stiki endelea kuitumia kugeukia nyuma. Siku ya kwanza utalenga ovyo kuliko kawaida, hiyo ipo.