Riveba ya ndani ya ampu au ya nje? Tazama kwanza sauti inakwaruziwa wapi

Natengeneza ampu za gitaa, yaani vikuza sauti, na wapigaji hunijia na swali hili mara kwa mara: ninunue ampu yenye riveba (ule mwangwi unaobaki baada ya noti) ndani, au nichukue isiyo nayo kisha niongeze pedali, yaani kifaa cha nje cha kukanyaga? Kabla ya kujibu huwa nauliza: sauti yako unaikwaruzia wapi, yaani ni sehemu gani inaelemewa mpaka sauti itoke na mikwaruzo?

Ndani ya ampu, sauti ya gitaa hupita kwanza kwenye priampu, ambako hukuzwa na kurekebishwa besi na trebo. Kisha huingia hatua ya nguvu inayosukuma spika. Riveba ya ndani, kama ya Fender Deluxe Reverb iliyotoka 1963, huja baada ya sehemu kubwa ya priampu. Sauti kidogo huchotwa pembeni, hutikisa springi zilizoning'inizwa kwenye tangi la bati, kisha mkia wake, yaani mwangwi unaofifia, hurudishwa na kuchanganywa na sauti kavu, isiyo na riveba. Kwa hiyo priampu ikikwaruza, mkia hubaki safi. Lakini ukifungua sauti mpaka hatua ya nguvu nayo ielemewe, mkia utabanwa pamoja na kila kitu.

Kisanduku cha riveba cha nje kilitangulia: Fender walitoa chao 1961. Gitaa huchomekwa humo, kisanduku ndicho huchomekwa kwenye ampu. Mimi nakipenda mno kwa jambo moja: kina nobu ya kuamua springi zipigwe kwa nguvu kiasi gani, mbali na ile ya kiasi cha kuchanganya. Ampu nyingi zenye riveba ndani zina nobu moja tu, ya kiasi kinachorudi. Ule mdondoko wa majimaji unaousikia kwenye gitaa za muziki wa surf wa California unatokana na springi kupigwa kwa nguvu, na kwa ampu safi hakuna kinachoufikia.

Shida huanza ampu ikikwaruza. Riveba iliyotangulia mbele hukwaruzwa nayo: mkia uliopaswa kufifia hukuzwa, noti zinarundikana, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inageuka tope. Mpigaji hulaumu pedali, wakati pedali haina kosa. Akiihamishia kwenye lupu ya efekti, yaani matundu ya kuchomeka pedali kati ya priampu na hatua ya nguvu, tope linaondoka. Angalia tu kama pedali inastahimili ukubwa wa ishara ya lupu. Na kama lupu ni sambamba, yaani sauti kavu inapita njia yake yenyewe, pedali itoe riveba tupu.

Basi anayekwaruza kwa priampu, na ampu yake haina lupu, namshauri achukue yenye riveba ndani. Anayepiga safi, au anayetaka mwangwi wa ukumbi mkubwa ambao springi haziwezi kuutoa, achukue riveba ya nje.

Riveba ya ndani ikinyamaza, usikimbilie kununua tangi. Zima ampu, kagua nyaya mbili zinazoliunganisha. Mara nyingi ni plagi iliyolegea au waya uliokatika. Hizo ziko nje ya chasisi, lile sanduku la chuma lenye saketi. Ndani ya chasisi usiguse, kapasita za ampu ya valvu zinaweza kubaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa. Tangi likibidi kubadilishwa, jipya lilingane na la zamani kwa impidansi, yaani ukinzani wake kwa ishara ya umeme. Kulingana urefu peke yake hakutoshi.