Toa majivu kwanza

Baada ya ibada ya Kiswahili hapa Jinja, mara nyingi mtu ananivuta kando. "Mchungaji, naamka saa kumi na moja, nafungua Biblia, lakini moyo haupo." Anatarajia nimpe ratiba ya kusoma. Ratiba zipo tele, sina ugomvi nazo. Ila mimi humuuliza kwanza: sigiri unaiwashaje?

Anayepikia makaa anajua. Ukimwaga makaa mapya juu ya majivu ya jana, matundu yameziba, hewa haipiti. Utapepea kwa kipande cha boksi mpaka mkono uchoke, na utakachopata ni moshi wa machoni. Lazima uchokonoe, majivu yashuke, uyazoe kwenye mlango wa chini, ndipo upange makaa.

Hilo neno kupanga limo katika Zaburi 5:3: "Asubuhi nitakupangia dua yangu na kutazamia." Nafundisha Agano la Kale, na mstari huu haunichoshi. Katika Kiebrania neno "dua" halipo hapo. Kipo kitenzi tu, arak, kile kile cha Mwanzo 22:9, Ibrahimu alipozipanga kuni juu ya madhabahu. Mwenye zaburi anasema kama kuhani wa zamu ya asubuhi. Na kuhani huyo alianza na nini? Soma Mambo ya Walawi 6:10-12. Kabla ya kuni mpya, anavaa kitani, anayazoa majivu, anabadili mavazi, anayapeleka nje ya kambi. Moto wenyewe haukuzimwa usiku. Ulikuwa ule ule wa jana.

Majivu yangu mimi nayajua. Kuna asubuhi nilipiga magoti nikiwa nimelala bila kusema na mama watoto, kisa karo ya shule. Nikasoma sura nzima, nikafunga kitabu, sikumbuki hata aya moja. Yesu alishalisema hilo kwenye Mathayo 5:24: acha sadaka yako, nenda kapatane kwanza. Nikaenda jikoni. Maombi ya siku ile yalikuwa mafupi kuliko yote, na ndiyo ninayoyakumbuka.

Sisi Uganda tuna urithi katika jambo hili. Tangu Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, Balokole, yaani waliookoka, watu wa uamsho, wamefundisha kutembea nuruni: dhambi inatajwa kwa jina lake, haifunikwi. Kwa maoni yangu wengine walipitiliza, ungamo likawa tamasha, majivu yakamwagwa sebuleni mbele ya wageni. Ya kuhani yalikuwa na mahali pake.

Bado kuna "kutazamia". Wanajeshi ninaosali nao hawahitaji maelezo: kitenzi chake ndicho cha Habakuki 2:1, nabii akiwa zamuni. Askari aliye lindoni hachezei simu. Kwa hiyo simu yangu hulala chumba kingine, na hesabu ya siku naifanya usiku, dakika chache kabla ya kulala: nani nimemkwaza, nini nimekificha. Alfajiri inabaki kazi ya kupanga tu.

Juzi mke wa askari mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa Mchungaji, na majivu ya mume wangu nayazoa mimi?" Nikacheka. Nikamwambia hapana mama, hata ya kwangu karai halijatosha.