Ndege hana sauti moja tu

Wengi wanaoanza kujifunza ndege hapa Tabora hudhani rekodi moja inatosha: ukiikariri, umemjua ndege. Sivyo. Msikilize tipitipi vichakani, pembezoni mwa mashamba ya tumbaku. Alfajiri mlio wake hushuka kama maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba, mara nyingi dume na jike wakipokezana. Akishtuka, hukwaruza kwa sauti kavu ambayo hutaamini ni yake! Tena ndege waimbaji wengi hujifunza nyimbo kwa kuwasikiliza wakubwa wao, hivyo lafudhi hubadilika toka eneo hadi eneo. Kwenye Xeno-canto, hazina ya bure ya sauti za ndege mtandaoni iliyoanzishwa 2005, sikiliza rekodi kadhaa za ndege mmoja, ukianza na zilizonaswa Tanzania. Kisha nenda ukamtafute kwa macho.