Gundi ya nyuki kwenye krimu: cha asili, lakini si kwa kila ngozi

Wengi wanaamini kwamba krimu yenye propolisi, ile gundi ya nyuki, haiwezi kudhuru ngozi kwa sababu ni kitu cha asili. Imani hiyo ina msingi wake: maabarani, propolisi huzuia baadhi ya bakteria na fangasi, na watu wameipaka kwenye vidonda tangu kale.

Lakini haitokani na maji matamu ya maua kama asali. Nyuki hukwangua utomvu wa machipukizi na magome, wakauchanganya na nta, kisha wakazibia nyufa za mzinga. Utomvu huo mara nyingi huwa na esta za asidi ya kafeiki, kemikali za mimea ambazo ni visababishi vya mzio wa ngozi vinavyojulikana vizuri. Hata wafugaji nyuki hupata upele mikononi. Tena, mti ukibadilika, propolisi nayo hubadilika: ya Ulaya hutokana zaidi na miti ya mipopla, ile ya kijani ya Brazili hutokana na kichaka kingine kabisa. Ndiyo maana krimu moja inaweza kukukubali na nyingine ikakukataa.

Kabla ya kupaka usoni, soma orodha ya viambato, kisha jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, pale pale, mara mbili kwa siku kwa wiki nzima. Saa moja haitoshi. Mzio huu mara nyingi hujitokeza baada ya siku mbili au tatu. Ngozi ikiwasha au kuvimba, acha. Aliyewahi kudhurika na zeri ya Peru, utomvu wa mti unaotiwa kwenye manukato na dawa za kupaka, awe mwangalifu zaidi, maana mizio hiyo miwili huweza kuandamana.