Kilo zilezile, saizi tofauti: kinachotokea kati ya mizani na lebo

"Nina kilo 68, nichukue saizi gani?" Swali hili huulizwa kila siku na wanawake wanaonunua nguo bila kuzijaribu, na hakuna fundi mwaminifu anayeweza kulijibu. Mizani hujumlisha mwili wote ikatoa namba moja. Nguo haikutani na mwili wote kwa pamoja. Inakutana nao begani, kifuani, kiunoni, kwenye nyonga na mapajani, na kila mahali pana kipimo chake. Ndiyo maana wanawake wawili wenye kilo 68 wanaweza kuachana saizi mbili, hata tatu, na kila mmoja nguo yake ikamkaa vizuri.

Tuanze na urefu, maana ndio unaosahaulika zaidi. Chukua wanawake wawili wa kilo 68 wenye umbo la aina moja, mmoja ana sentimita 155 na mwenzake 172. Kwa mrefu, uzito ule umesambaa kwenye mwili mrefu zaidi, hivyo kila mzunguko wake ni mdogo. Hesabu yake si ngumu: 172 ukigawanya kwa 155 unapata 1.11, na kwa kuwa mwili hupungua upana na kina kwa pamoja, tunachukua kipeuo chake cha pili, ambacho ni kama 1.05. Maana yake mfupi atamzidi mrefu kwa takriban asilimia 5 kifuani, kiunoni na kwenye nyonga. Mrefu akiwa na nyonga za sentimita 100, mfupi atakuwa na 105. Katika nguo nyingi saizi moja na inayofuata hupishana sentimita 4, kwa hiyo urefu peke yake umeshamhamisha saizi moja na ushee.

Wengi hudhani jibu kubwa ni misuli na mafuta. Ni kweli misuli ni mizito zaidi kwa ujazo uleule: lita moja ya misuli ina kilo 1.06 hivi, ya mafuta kilo 0.9. Lakini piga hesabu. Mtu akipoteza kilo 5 za mafuta na kujenga kilo 5 za misuli, ujazo wa mwili wake unapungua kwa lita 0.8 tu. Ungepungua sawasawa mwili mzima, nyonga za sentimita 100 zingepoteza kama nusu sentimita. Kinachobadilisha saizi yake hasa ni mahali: mafuta yametoka tumboni, misuli imeongezeka mapajani na mgongoni. Suruali inalegea kiunoni na kubana mapajani, na mizani haijasogea.

Mahali mafuta yanapokaa huamuliwa na urithi na homoni kuliko juhudi za mtu. Estrojeni, homoni ya kike, huyaelekeza kwenye nyonga na mapaja. Hedhi inapokoma, sehemu kubwa huanza kwenda tumboni. Kwa hiyo mwanamke mwenye uzito uleule akiwa na miaka 35 na 55 anaweza kuhitaji suruali mbili zisizofanana kabisa. Ongeza mifupa: upana wa mabega, wa mbavu na wa fupanyonga, ambao hakuna mlo unaoubadilisha.

Kifua nacho kina mambo yake. Kampuni nyingi za pateni, yaani zile karatasi za kukatia nguo, huchora kwa kikombe cha sidiria cha B. Mwenye mbavu nyembamba na kikombe cha E akichagua kwa mzunguko wa kifua, anapata nguo inayofunga mbele lakini mabega yanateremka na kwapa linaning'inia, kwa sababu kila kitu kimekuzwa pamoja na kifua. Nguo hiyo imeshonwa sawa. Imeshonewa mtu mwenye mgongo mpana kuliko wake.

Tatizo ninaloliona gumu kuliko yote ni tofauti kati ya kiuno na nyonga. Jedwali la saizi huifanya iwe karibu ileile kwa kila namba. Saizi 38 ya Ujerumani, kwa mfano, imechorwa kwa kifua 88, kiuno 72 na nyonga 97, yaani tofauti ya sentimita 25. Sasa mwenye kiuno 72 na nyonga 105 ana tofauti ya 33. Suruali inayopita kwenye nyonga zake imekusudiwa mtu mwenye kiuno cha kama 80, kwa hiyo sentimita 8 zinabaki hewani, nazo hukusanyika nyuma, pale mkanda unapoachana na mgongo. Akishuka saizi ili kiuno kimkae, zipu haifungi. Huyu si mnene wala mwembamba kupita kiasi. Ni jedwali ambalo halikumhesabu. Na hata wanaolingana kiuno na nyonga huachana tena: mmoja ana tumbo la mbele na makalio bapa, mwingine kinyume chake. Futikamba inasoma namba moja kwa wote wawili, ila mshono wa katikati, unaotoka mbele kupita katikati ya miguu hadi nyuma, unahitaji urefu tofauti.

Hadi hapo ni mwili. Lebo nayo ina vurugu zake. Kifua hichohicho cha 88 ni 38 Ujerumani, 40 Ufaransa na 44 Italia. Sababu ni fomula tu: nusu ya kifua ni 44, Italia huiacha kama ilivyo, Ufaransa hutoa 4, Ujerumani hutoa 6. Uingereza huiita takriban 12 na Marekani 8, namba ambazo hazina uhusiano wa moja kwa moja na sentimita yoyote.

Marekani ilijaribu kuweka utaratibu. Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ilipima wanawake karibu 15,000, vipimo 59 kwa kila mmoja, lakini waliohesabiwa kwenye matokeo walikuwa weupe peke yao. Hapo ndipo kilipotoka kiwango cha mwaka 1958, kilichofutwa 1983. Katika kiwango hicho saizi 8 ilikuwa kifua inchi 31 na kiuno 23.5. Katika jedwali jingine la Marekani la mwaka 1995, saizi 8 ni kifua inchi 35 na kiuno 27. Namba imebaki palepale, nguo imeongezeka inchi 4 kifuani. Hivyo usijilaumu kwa kupishana na saizi ya mama yako.

Siku hizi kila kampuni huchagua mwanamke mmoja wa kujaribishia, hukamilisha nguo juu ya mwili wake, kisha hukuza na kupunguza kutoka hapo. Kadiri saizi yako inavyokuwa mbali na yake, ndivyo makosa yanavyoongezeka. Kiwandani nako nguo huruhusiwa kuzidi au kupungua sentimita moja hivi, maana kisu kinachokata marundo ya kitambaa hupinda kidogo. Suruali mbili zenye lebo moja zinaweza basi kuachana sentimita 2. Zijaribu zote mbili, hata kama ni za rangi moja.

Cha kufanya: weka mizani kando, uchukue futikamba. Pima ukiwa na sidiria utakayoivaa, futikamba ikiwa sambamba na sakafu. Kifua ni pale palipojaa zaidi. Kiuno utakipata ukiinama ubavuni: pale panapokunjika. Nyonga ni pale palipo pana zaidi, mara nyingi sentimita 20 chini ya kiuno. Wengi hupima juu mno wakapata namba ndogo ya uongo. Halafu linganisha na nguo yenyewe, si lebo. Ilaze, pima kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili. Blauzi ya kitambaa kisichovutika iuzidi mwili wako kwa sentimita 5 hadi 8 kifuani. Sketi na suruali 2 kiunoni na 4 au 5 kwenye nyonga. Kitambaa cha fulana kinaweza kulingana na mwili au hata kuwa kidogo kuliko mwili.

Ukilazimika kuchagua, suruali ifuate nyonga na gauni lifuate mabega na kifua. Kiuno fundi atakipunguza bila shida hadi sentimita 4 au 5. Akizidisha hapo, mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana. Kupanua kunategemea kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono, na nguo za kiwandani mara nyingi huwa na sentimita moja tu. Kama ni pamba, ifue na kuikausha kabla ya kumpelekea, isije ikasinyaa baada ya kupunguzwa.